Uso wa Bibi na Mkasi wa Kijana

Kutisha watu ni kazi kama kazi nyingine. Seremala ana mbao, mshona viatu ana ngozi, na mtisha watu ana giza, ukimya na mlango unaofunguka wenyewe. Na kama kazi zote, hii nayo ina miiko yake. Swali ninalotaka tulitafakari pamoja, ndugu msomaji, ni hili: anayewatisha wenzake ili alipwe au asifiwe, anawajibika kwa nani? Kwa yule anayetishwa tu, au pia kwa yule ambaye sura yake imetumika kutishia?

Nalileta swali hili kwa sababu vijana wengi wa rika letu siku hizi wanatengeneza filamu. Simu ya mkononi imekuwa kamera, simu hiyohiyo imekuwa chumba cha kuhariri, na simu hiyohiyo ndiyo jumba la sinema. Mwaka jana washikaji zangu watano, wanafunzi wa chuo kimoja hapa mjini, walipewa zoezi la kutengeneza trela la filamu ya kutisha. Mimi si mwanachuo, niliishia kidato cha nne. Lakini waliniita niwaandikie hadithi kwa kuwa wanajua nina riwaya ambayo kila mwaka naimaliza na kila mwaka haijaisha. Kwa hiyo nilikuwepo tangu karatasi ya kwanza mpaka usiku wa mwisho wa kuhariri, na humo ndimo nilimojifunza kwamba mkasi wa mhariri una maadili, hata kama mwenye kuushika hana habari.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Bibi zetu walikuwa mafundi wa kutisha. Hadithi ya zimwi ilihadithiwa usiku baada ya chakula, watoto wamebanana mkekani, kibatari kinacheza na upepo. Lakini tazama jambo moja: msimulizi alikuwepo. Zimwi likimmeza mtu katika hadithi, bibi yuko palepale, mkono wake u juu ya goti lako. Mtoto akilia sana, bibi hupunguza makali. Zimwi linapigwa, au jogoo anawika kabla ya wakati. Na asubuhi ni bibi huyohuyo anayekupa uji. Anayetisha na anayetishwa walilala nyumba moja. Hofu ile ilikuwa na mwenyewe, na ukitaka kumdai ulijua pa kumpata.

Trela halina mkeka. Jina lake lenyewe lina kisa. Katika majumba ya sinema ya Marekani, miaka ya 1910, vipande vya kutangaza filamu ijayo vilionyeshwa baada ya filamu yenyewe kwisha, vikifuata nyuma kama tela linavyofuata trekta. Watu walikuwa wananyanyuka na kuondoka, kwa hiyo vipande vikahamishiwa mbele, lakini jina likabaki lilelile. Siku hizi trela halifuati kitu wala halitanguliwi na kitu. Linaruka peke yake kutoka simu hadi simu, na anayelipokea hajui limetoka kwa nani, wala filamu yenyewe iko wapi.

Sasa tuingie jikoni. Letu tulilipanga liwe la sekunde 90. Ukidhani sekunde 90 ni kidogo, jaribu kuzijaza. Tulichora jedwali lenye safu tatu: picha, sauti, sekunde. Mwanzo ni amani: kuku uani, mtoto anachota maji, sauti ya redio kwa mbali. Kisha jambo moja dogo haliko sawa: redio inakwaruza, kuku wametulia wote kwa mara moja. Halafu picha zinaanza kufupishwa, sekunde tatu, sekunde mbili, sekunde moja, nusu, mpaka mtazamaji hapumui. Halafu ukimya. Ukimya huo ndio mtego wenyewe, maana kelele haimtishi mtu aliyekwisha zoea kelele. Baada ya ukimya, picha moja ya mwisho, kisha jina la filamu. Basi. Kila trela la kutisha unalolijua limejengwa kwa namna inayokaribiana na hiyo.

Kanuni nyingine ambayo mwongozaji wetu aliishikilia ni ya kutomwonyesha mnyama. Alitukumbusha filamu ya Jaws ya mwaka 1975. Steven Spielberg alikuwa na papa wa mashine, na yule papa alikuwa anaharibika kila akitiwa kwenye maji ya chumvi. Basi ikabidi watumie vivuli, mapezi, maboya ya rangi ya njano na muziki wa noti mbili. Papa mwenyewe haonekani vizuri mpaka zaidi ya saa moja imepita. Ufukara wa mashine ukawa utajiri wa hofu. Somo zuri kwa maskini kama sisi, ambao hatukuwa na papa wala mashine.

Lakini kisa cha Jaws kina mkia, na mkia huo ndio ulionifanya nishike kalamu. Baada ya ile filamu, watu wengi waliwachukia papa, na papa wakawindwa kwa fahari. Peter Benchley, aliyeandika riwaya yenyewe mwaka 1974, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake ya baadaye kuwatetea papa, mpaka alipofariki mwaka 2006. Spielberg naye mwaka 2022 alisema redioni, huko Uingereza, kwamba anajuta kwa jinsi papa walivyopunguzwa duniani. Hebu fikiri: huyo alikuwa samaki. Samaki hana jirani wa kumnyooshea kidole. Je, tukimchukua binadamu tukamfanya papa wetu?

Kabla hatujafika kwa binadamu huyo, tumalize kwanza swali la uongo, maana wengi hudhani hilo ndilo swali la pekee. Je, trela lina haki ya kudanganya?

Mimi nasema kuficha na kudanganya si kitu kimoja, na kudanganya kwenyewe kuko kwa aina mbili. Alfred Hitchcock alipotangaza Psycho mwaka 1960, alitengeneza trela la zaidi ya dakika sita ambamo yeye mwenyewe anatembeza watazamaji katika ile nyumba na ile hoteli, kama mtembeza watalii, akidokeza hapa na kunyamaza pale. Mwisho anafungua pazia la bafu na mwanamke anapiga ukelele. Mwanamke yule si Janet Leigh anayeoga katika filamu. Ni Vera Miles, anayecheza nafasi nyingine. Je, huo ni uongo? Labda. Lakini ni uongo wa mchezo wa kamari wa watoto: mtazamaji amekaa chini kwa hiari yake, anajua anachezewa, na mchezaji yuko mbele yake kwa suti na kitambi, anajulikana kwa jina. Hakuna aliyeumia ila tiketi yake.

Sasa linganisha na The Blair Witch Project ya mwaka 1999. Waliotengeneza, Daniel Myrick na Eduardo Sánchez, walikuwa vijana waliosomea filamu katika chuo kikuu kimoja cha Florida, na walitumia fedha kidogo sana kwa viwango vya kule. Filamu ikaingiza zaidi ya dola milioni 240. Siri ya mafanikio? Walitangaza kwamba wale wanafunzi watatu wa kwenye filamu wamepotea kweli msituni. Wakachapisha matangazo ya watu waliopotea, wakatumia majina halisi ya waigizaji. Ujanja wa kupigiwa makofi, sikatai. Lakini mama wa mwigizaji wa kike alianza kupokea kadi za rambirambi za binti yake, ambaye yu hai. Mama huyo hakununua tiketi. Hakukaa chini kucheza. Mchezo ulimkuta nyumbani kwake.

Hapo ndipo ninapochora mstari. Mtazamaji aliyeketi anaweza kudanganywa, maana amekubali. Mtu aliye nje ya jumba hajakubali kitu. Hofu ikivuka ukuta wa jumba na kwenda kugonga mlango wa mtu asiyehusika, haiwi tena sanaa peke yake. Imekuwa tendo, na tendo lina mtendaji.

Sasa nirudi kwetu. Hadithi niliyowaandikia washikaji ilikuwa hivi. Kijiji kimoja huko kanda ya ziwa. Ng'ombe wanakufa, mtoto anaumwa, watu wananong'ona. Pembezoni anaishi bibi mjane, peke yake, na shamba zuri karibu na mto. Usiku vinaonekana vitu. Mwisho wa hadithi inajulikana kwamba vitu vyote vya usiku vilikuwa kazi ya mpwa wake, kijana msafi mwenye viatu vinavyong'aa, anayelitaka lile shamba. Kwenye skripti macho mekundu ya bibi yametajwa mara moja tu, na palepale pametajwa moshi wa jiko lake.

Bibi tulimpata. Alikuwa bibi wa mmoja wetu, amekuja mjini kutibiwa, mcheshi, mwenye macho mekundu kweli kwa miaka ya kupulizia moto. Tukamwamkia, tukamweleza, akacheka, akakubali. Tulimpiga picha akiwa amekaa kwenye kigoda, anatazama mbele tu, sekunde kama kumi na mbili. Hatukumwambia aigize kitu chochote.

Ukafika usiku wa kuhariri. Mhariri wetu, kijana mwenye mkono mwepesi, akaiweka ile sura ya bibi. Baada yake ng'ombe anayekata roho. Sura ya bibi. Mtoto anayetetemeka kwa homa. Sura ya bibi, sasa karibu zaidi, macho tu. Ukimya. Kisha jina la filamu kwa herufi nyekundu. Wote tukaruka. Ilitisha, bwana! Nywele zilisimama. Bibi ambaye mchana alitugawia karanga alikuwa amegeuka jinni mbele ya macho yetu.

Jambo hili lina jina katika historia ya sinema. Mrusi mmoja, Lev Kuleshov, karibu miaka mia moja iliyopita, alichukua sura ya mwigizaji Ivan Mozzhukhin, sura ileile moja isiyo na hisia, akaibandika kando ya sahani ya supu, kisha kando ya jeneza, na kadhalika. Watazamaji wakasifu: tazama anavyoonyesha njaa, tazama anavyoonyesha huzuni! Kumbe sura haikubadilika hata unywele. Maana ilitoka kwa jirani wa picha, si kwa picha yenyewe. Mafundi wa kuhariri wanafundishwa jambo hili kama mbinu. Mimi nasema ni mbinu, sawa, lakini pia ni onyo. Maana huo ndio utaratibu kamili wa kumsingizia mtu. Umbea wa mtaani unahaririwa hivyohivyo: mama fulani alipita, jioni mtoto akaugua. Picha mbili tu, hakuna aliyesema neno, na hukumu imeshatoka.

Na huko kanda ya ziwa hukumu hiyo si ya sinema. Sote tunajua, magazeti yameandika kwa miaka, kwamba katika mikoa kama Shinyanga na Mwanza vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa kudhaniwa wachawi, na "ushahidi" mkubwa ukiwa macho mekundu. Macho hayo yametokana na moshi wa kuni na wa samadi kavu ya ng'ombe, miaka hamsini ya kupikia watu wale wale wanaokuja na panga. Mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba, kuna urithi. Albino nao, tangu kati ya miaka ya 2000, wamewindwa kwa imani za namna hiyo, mpaka serikali mwaka 2015 ikapiga marufuku waganga wapiga ramli. Wala usidhani ni mambo ya bara tu. Mwaka 1995 hofu ya Popobawa ilipoikumba Pemba na Unguja, watu wakilala nje kwa woga, mtu mmoja aliuawa na kundi mjini Unguja kwa kudhaniwa ndiye. Ikajulikana baadaye kwamba alikuwa mgonjwa wa akili. Hofu ilikuwa inatafuta sura, ikaipata ya yule asiyeweza kujieleza.

Nchi hii ina Sheria ya Uchawi tangu mwaka 1928, na sheria hiyo inakataza kumtuhumu mtu kwamba ni mchawi. Trela letu lilikuwa linatuhumu kwa sekunde nne, bila kutamka neno.

Hapo kikundi kikagawanyika. Mimi na binti aliyeshika sauti tulisema lile pigo la mwisho liondoke. Wenzetu wakatuona tumeingiwa na uzee mapema. Nitaziandika hoja zao kwa haki, maana si hoja za kijinga.

Ya kwanza: "Ni filamu tu, jamani. Watu si watoto." Kweli watu si watoto. Lakini waliokwenda na mapanga nao hawakuwa watoto. Hatuwezi kusema sanaa ina nguvu ya kubadili jamii tunapoomba ufadhili, kisha tuseme haina nguvu yoyote tunapoulizwa maswali. Ama ina nguvu au haina. Tuchague moja.

Ya pili: "Mbona wengine wote wanafanya?" Ni kweli, bibi mchawi yumo katika kanda nyingi za Nigeria tulizokulia, na filamu zetu za kutisha tangu Nsyuka ya Mussa Banzi, mwanzoni mwa miaka ya 2000, zimechota kwenye kisima hichohicho cha mizimu na uchawi. Lakini kwamba njia imekanyagwa sana haimaanishi inakwenda kuzuri. Isitoshe, mtu anayetaka kuwa mwandishi anatoa wapi ujasiri wa kusema anafanya kwa sababu wote wanafanya?

Ya tatu ndiyo iliyonikosesha usingizi: "Kwenye filamu bibi hana hatia. Trela linamdanganya mtazamaji ili filamu imfundishe. Ukimwonyesha mapema kuwa bibi ni mwema, umeua hadithi." Hii ni hoja ya kifundi na ya kimaadili kwa pamoja. Filamu nzima ingekuwa kama kesi: mashitaka mwanzo, utetezi mwisho, na mtazamaji anaondoka akiwa na aibu ya kumdhania bibi wa watu. Ni kweli, hilo ni somo kubwa kuliko mahubiri.

Lakini filamu iko wapi? Zoezi lilikuwa trela. Hakukuwa na fedha ya filamu, hakukuwa na siku ya kupiga filamu, na sote sita tulijua kwamba filamu ile haitatengenezwa. Na hivi ndivyo yalivyo matrela mengi ya wanafunzi: ni matrela ya filamu zisizokuwepo. Kwa hiyo yale mashitaka yangetoka, yangesambaa simu kwa simu, mpaka huko huko yanakohusika, na siku ya utetezi isingefika kamwe. Mkubwa mwenye filamu anaweza kusema, ngoja uone mwisho. Sisi hatukuwa na mwisho wa kumngojesha mtu. Kwa hiyo tuliyonayo ndani ya sekunde 90 ndiyo kauli yetu yote.

Kutokana na hilo nikapata kipimo ambacho napenda kukupa, nawe ukipime: tengeneza trela kama vile ndilo tu mtu atakaloliona. Siyo kwamba ufichue siri. Ficha siri zote unazotaka. Ila usimwachie mtazamaji hatia ya mtu asiye na hatia, ukitegemea kwamba siku moja utakuja kuifuta.

Kuna rafiki aliyeniambia kwamba nikienda hivi nitaua hofu yote, filamu zitakuwa semina za maadili. Nakataa. Hofu nzuri inapatikana, ila inahitaji mtu afikiri ni nani hasa wa kuogopwa. Tazama Get Out ya Jordan Peele, ya mwaka 2017. Wa kutisha mle ni watu wenye tabasamu, nyumba safi na chai. Na kuna jambo ambalo sisi Waswahili tunalisikia peke yetu. Wimbo wa mwanzoni, wa mtunzi Michael Abels, unaitwa Sikiliza Kwa Wahenga, na sauti zile zinanong'ona kwa Kiswahili, zikimwonya kijana kwamba kuna hatari. Watazamaji wa kule hawakuelewa neno hata moja; wengi walisikia minong'ono ya kutisha tu. Kumbe zile sauti ndizo zilizokuwa upande wa kijana! Waliokuwa wanamtakia mema walionekana mizimu, na waliotaka kumwangamiza walionekana wakwe. Ukitaka maelezo ya jinsi bibi wa kanda ya ziwa anavyogeuzwa mchawi, ni hayohayo: hofu humwangukia yule ambaye hatuelewi lugha yake.

Basi tulifanyaje? Hatukupiga picha hata moja upya kwa bibi. Sura yake ikabaki ileile, sekunde zilezile, macho yaleyale mekundu. Kilichobadilika ni jirani. Binti wa sauti alirekodi nyayo nyingi juu ya majani makavu. Usiku mmoja tukapiga picha za tochi zinazosogea, za kwetu wenyewe, sita tukizunguka ili tuonekane thelathini. Picha moja ya panga likitoka kwenye ala. Picha moja ya viatu vinavyong'aa vimesimama nyuma ya watu wote, havina haraka. Mhariri akaweka: bibi, tochi moja mbali, bibi, tochi tano, bibi, karibu zaidi, macho tu, mwanga unapita kwenye mwanya wa mlango na kumgonga usoni. Ukimya. Kitasa kinazunguka. Jina la filamu.

Macho yaleyale ambayo wiki iliyopita yalikuwa ya mchawi, sasa yalikuwa ya mtu aliyekesha. Mtazamaji haogopi bibi, anaogopa kuwa bibi. Na zaidi ya hapo, kwa kuwa tochi zinashikwa na mikono isiyo na sura, kuna sekunde moja mtu anajiuliza kama mkono mmojawapo si wake. Sijui hofu kubwa kuliko hiyo.

Tulimwonyesha bibi kabla ya mtu mwingine yeyote. Alitazama mara mbili, miwani mkononi. Hakusema kama ni nzuri au mbaya. Aliuliza tu: "Na hao wanaokuja na mataa, wajukuu zangu, hao ni watoto wa nani?" Hatukuwa na jibu. Yule mwongozaji wetu, ambaye ndiye aliyekuwa na hoja ya tatu, akaliandika swali hilo kwenye daftari lake.

Sitasema kwamba wote walikubaliana nami. Mhariri mpaka leo anasema trela la kwanza lilikuwa na nguvu zaidi, na kwamba mwalimu angelipa alama nyingi zaidi. Inawezekana. Sidhani kwamba kutenda haki kunalipwa alama kila mara, na anayekuahidi hivyo anakuuzia kitu. Nami simlaumu, kwa sababu ustadi wake ndio ulioyafanya yote mawili, la kwanza na la pili. Mkono uleule, mkasi uleule. Ndiyo maana nasema ustadi hauwezi kutuamulia. Lazima tuamue sisi.

Nimeandika kuhusu filamu, lakini wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mnaandika hadithi, kama mimi. Msidhani mmepona. Aya nayo ina jirani wake. Ukimweka Mpemba kila mara kando ya uchawi, Mmasai kando ya rungu, msichana wa kazi kando ya wizi, mwenye upara kando ya ubahili, umefanya kazi ya Kuleshov bila kamera. Hujatamka tuhuma, na ukiulizwa utasema ni hadithi tu. Riwaya angalau ina kurasa mia mbili za kurekebisha ulichokiharibu katika ya kwanza. Lakini ni wasomaji wangapi hufika ya mia mbili?

Naona haya ndiyo ya kupimwa kabla kazi haijatoka mkononi: huyu niliyemtwika hofu, anarudi nyumbani na sura ipi? Kama anakoishi sura hiyo inaweza kumuua, sina budi kutafuta namna nyingine ya kutisha. Kama una hoja kwamba nimemfunga msanii kamba, iandike uilete, nafasi ipo hapa na mimi nitaisoma. Ila ukiandika, mfikirie pia yule bibi aliye nje ya jumba, ambaye hana simu na hatasoma gazeti hili, na ambaye sasa hivi, huko aliko, ameinama anapuliza moto.